Babu Hapewi Maji

Kwetu Singida ukiingia nyumbani kwa mtu, hata kama mna ugomvi wa mpaka wa shamba, utapewa maji ya kunywa kwanza. Ndipo mgombane. Kwa hiyo yule mama niliyetumwa kumhudumia pale Kenton, miezi yote ya mwanzo, nilimhesabu kuwa mtu mwenye roho ya kutu. Nilikuwa napanda basi la 183 kutoka Kingsbury alfajiri ya baridi, nafika vidole vimekufa ganzi, namwamsha, namwogesha, namvika, namchemshia chai yake ya maziwa na tangawizi, na hakuwahi hata siku moja kuniambia nami nijimiminie kikombe.

Alikuwa mjane wa Kigujarati aliyevuka miaka sabini, mfupi, mwenye magoti mabovu na macho makali. Alizaliwa Tabora, ambako baba yake alikuwa na duka karibu na stesheni ya reli, akaolewa hukohuko, kisha miaka ya sabini akahamia Uingereza na mumewe na mama mkwe wake. Kampuni iliyoniajiri ilinipeleka kwake kwa sababu fomu yangu ilisema ninajua Kiswahili, na yake ilisema anakijua pia. Walidhani wametufanyia hisani sote wawili. Kumbe Kiswahili alichokuwa nacho ni kile cha kusemeshea watumishi. Leta maji moto. Ile kiti weka huku. Fagia chini ya kitanda, usiache. Jumamosi alipokuja msichana wa Kiingereza kunipokea zamu, nilimsikia mama huyuhuyu akisema tafadhali, asante mpenzi, samahani kwa usumbufu, sauti imekuwa asali.

Ilinichoma. Nilikuwa nasomea uhasibu jioni, nina vyeti vyangu, nami nina shangazi aliyekuwa yaya kwenye nyumba ya Wahindi miaka kumi na moja. Ile sauti niliijua kutoka kwenye masimulizi ya shangazi kabla sijakutana nayo. Siku moja alipoamrisha jambo la tatu kabla sijamaliza la kwanza, nikamwambia, "Mama, hapa si Tabora."

"Najua," akasema. "Tabora kulikuwa na jua." Kisha akaniagiza nikalete shali.

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na kibanda cha vioo kilichoegemezwa ukutani, hakina hita, hakina taa. Humo ndani, peke yake kwenye chungu kikubwa cha udongo, alikaa Babu. Hilo ndilo jina alilomwita. Ilikuwa kaktasi, nguzo moja iliyosimama wima, inanifika kifuani, imefunikwa nywele ndefu nyeupe kuanzia utosini hadi chini, na ukizipekua nywele unakutana na miiba ya rangi ya asali inayokusubiri. Mara ya kwanza kuiona nilicheka. Kwetu kitu cha namna hiyo tungekiita jamaa ya mnyaa, na mnyaa ni uzio wa zizi. Utomvu wake ukikuingia jichoni unaweza kupofuka. Sikuwahi kuona mtu akiuweka mnyaa kwenye chungu na kuufutia vioo.

Alinikemea. Babu si mnyaa, akasema, Babu anatoka mbali. Akanieleza, kwa kile Kiswahili chake kisichotaka maneno mengi, kwamba asili yake ni milima mirefu ya Amerika ya Kusini, juu kabisa, kwenye nchi kavu isiyoota kitu ila vichaka vifupi. Mchana jua linapasua mawe, usiku kuna barafu. Zile nywele ndizo blanketi lake na ndizo mwavuli wake. Mzungu wa nyumba ya jirani alimpa huyu mama mche wenye urefu wa kidole gumba majira ya baridi ya kwanza waliyofika London, wakati hajui mtu hata mmoja mtaani. Mama mkwe akakataa katakata. Kwao mti wa miiba hauingizwi ndani, unaleta ugomvi katika nyumba. Basi ukawekwa kibandani. Mama mkwe alikuwa amekufa miaka mingi nilipofika mimi, na mume pia, lakini ile amri ilikuwa bado inafanya kazi.

Asubuhi nilikuwa namshika mkono mpaka kibandani, anasimama mbele ya Babu dakika mbili tatu, anamsemesha Kigujarati kwa sauti ndogo. Nilijikuta namwonea wivu mti. Lugha yake tamu alimpa Babu, mimi akanipa ile ya kuamrisha.

Mwanzoni mwa Desemba, Jumapili moja akiwa peke yake, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, na ikaonekana atakaa hospitali muda mrefu. Mwanawe wa pekee aliishi Ilford, upande wa pili wa jiji, alikuwa daktari wa macho na mtu wa haraka. Alikielewa Kiswahili cha mama yake ila alijibu kwa Kiingereza. Akanipa funguo, akaniomba nipite nyumbani kila siku kuokota barua na kufungua mapazia, wezi wasijue. Nilipokwenda kumwona mgonjwa wodini, naye akanipa maagizo yake. Nyumba usiwashe moto sana. Babu usimguse. Maji hapana, mpaka Machi.

"Hata kidogo?" nikauliza.

"Hata tone."

Nikatoka pale nimefura. Nikasema moyoni, hata mti nao haupewi kinywaji katika nyumba hii.

Baridi ya Januari mwaka ule ilikuwa ya kutafuna mifupa. Asubuhi moja nikafungua mlango wa kibanda nikakuta vioo vimeganda kwa ndani, na zile nywele za Babu zimeshika chembe za barafu. Nilisimama pale na koti langu, nikamwonea huruma ya kweli, na ndani ya ile huruma mlikuwa na hasira yangu, sitaficha. Nikaona sisi wawili ni wa kundi moja. Nikamkumbatia kwa taulo, chungu na vyote, nikamburura mpaka chumba cha kulia, nikamweka karibu na hita ya ukutani, nikaiwasha. Nikampa maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja, kisha cha pili. Halafu nikachemsha chai ya tangawizi, nikajimiminia kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, nikavuta kiti, tukanywa pamoja.

Kwa wiki tatu tulifanya hivyo. Alinenepa kidogo, rangi yake ikawa kijani zaidi chini ya nywele, nami nikajipongeza. Niliona nimempata mtu wa kumtendea haki.

Wiki ya nne nilifungua mlango wa mbele nikapokewa na harufu ya muhogo uliovunda. Babu alikuwa ameinama. Nilipekua nywele za chini nikakuta ngozi imekuwa kahawia, inang'aa kwa unyevu, na nilipogusa, kidole kikazama. Wema hauozi, husema wahenga. Wangu ulioza, na ukanuka mpaka ukumbini. Na yule asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye aliyevunjika, na asiyesikia nikawa mimi.

Jioni ileile nilikwenda hospitali kama kawaida yangu, kabla ya darasa. Kabla sijakaa akauliza, kama alivyouliza kila siku, "Babu hajambo?"

"Hajambo kabisa, Mama," nikasema.

Sikufikiri. Ulimi ulijibu wenyewe, kwa sababu nimelelewa hivyo. Mgonjwa haambiwi habari mbaya. Unamwambia wote wazima, shamba zima, ng'ombe wazima, hata kama umetoka kuzika. Akishapona ndipo anakalishwa chini na watu wazima na kuambiwa taratibu. Mama wa Kikongo aliyekuwa anafanya usafi wodini, ambaye tulikuwa tunasalimiana kwa Kiswahili, alikwishaamini kuwa huyo Babu ni mume wa mgonjwa, mzee asiyeweza kutembea, na kila akipita na mopu yake alimwambia Mungu atamsaidia. Mgonjwa hakumsahihisha.

Kesho yake nilikwenda maktaba, nikatafuta kitabu cha mimea ya jangwani, nikamkuta Babu kwenye picha. Maelfu yao, wamesimama kwenye mteremko wa mawe kati ya vichaka vya kijivu, anga buluu, theluji kwa mbali. Nikasoma nimesimama palepale kati ya makabati. Wakati wa baridi mizizi yake hulala. Ukavu na baridi anavistahimili, ni kwao. Asichoweza ni maji yanayokaa kwenye mizizi iliyolala. Kumbe yule mama mkwe aliyemfukuza nje ndiye aliyempa maisha marefu, na mimi niliyemkaribisha ndani ndiye niliyemmaliza. Kitabu kilisema kuna njia moja tu iliyobaki, nayo ni kukata juu ya ule uozo, kukausha, na kujaribu upya.

Kukata nilijua. Nimepanda muhogo tangu nikiwa mtoto. Shina unalikata pingili, unazilaza kivulini kidonda kikauke, ndipo unazifukia. Nikamlaza Babu juu ya magazeti, nikachukua kisu cha mkate, nikakichemsha. Kipande cha kwanza katikati kulikuwa na kahawia. Nikapanda juu kidogo, bado kahawia. Mara ya tatu, bado. Nilikuwa nalia na kutukana kwa Kinyaturu. Mara ya nne ikatoka nyama safi, nyeupe yenye ukijani, kama tango. Kilichobaki kilikuwa kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nikakisimamisha ndani ya ndoo tupu, nikakiviringishia magazeti, nikakirudisha kibandani kwenye baridi yake.

Na kila jioni niliendelea kusema hajambo. Tatizo ni kwamba mgonjwa alikuwa anaishi kwa hiyo hajambo. Wauguzi walinieleza kuwa wazee wengi wakivunjika nyonga hukata tamaa, hulala wakaangalia dari. Yeye alikuwa anashuka kitandani kila asubuhi, anashika fremu ya kutembelea, anahesabu hatua kwa Kigujarati huku jasho linamtoka. Lazima nirudi kabla ya Machi, alikuwa anasema, nani atampa maji yake ya kwanza? Mwanawe alikuwa anatembea na vitabu vyenye picha za nyumba za kutunzia wazee, anaviacha kwenye kimeza cha kitanda. Mama yake alikuwa anavitumia kuwekea kikombe.

Nilimweleza huyo mwanawe kila kitu, kwenye korido. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alisema kwa Kiingereza kwamba mama asiambiwe kwa namna yoyote, kwa sababu huo mti ndio unaomsimamisha. Halafu akapata wazo. Angezunguka maduka ya bustani atafute mwingine unaofanana, urefu uleule, mweupe vilevile, aupande kwenye kile chungu. Macho ya mama hayakuwa mazuri, yeye ndiye daktari wa macho na alijua. Hatajua tofauti, akasema, na atakuwa na furaha.

Lilikuwa wazo la mtu anayempenda mama yake. Lakini nilipolisikia niliona siwezi kulikubali, na ili mnielewe lazima niseme habari za baba yangu.

Mwaka uliotangulia, baba alikuwa anaumwa kifua. Nilikuwa napiga simu kila Jumapili kutoka kwenye kibanda cha simu, kwa kadi ya kukwangua, na nyumbani walikuwa wananisubiri kwenye duka la jirani lenye simu. Jumapili moja mama akaniambia baba amelala. Jumapili iliyofuata akasema yuko kwa mganga wa hospitali ya misheni. Ya tatu niling'ang'ania, nikasema sikati mpaka nimsikie. Pakawa na minong'ono, kisha nikasikia sauti yake. "Soma mwanangu. Mimi sijambo. Wewe soma." Nilitoka kwenye kile kibanda narukaruka barabarani kama mwehu. Nikafanya mitihani yangu, nikafaulu. Siku niliyowaambia matokeo ndiyo siku aliyonieleza kaka yangu kwamba baba alikuwa amezikwa wiki saba zilizopita. Ile sauti ilikuwa ya baba mdogo. Walifanana sauti tangu utoto.

Wote walilia waliponisimulia, na wote walisema tumefanya kwa ajili yako, usivurugikiwe na mitihani. Niliwaelewa, na mpaka leo nawaelewa. Mimi mwenyewe ningewashauri hivyohivyo kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine. Lakini furaha ile niliyopewa barabarani ilikuwa ya wizi, na hakuna aliyenirudishia zile wiki saba ambazo ningekuwa namlilia baba yangu. Baba mdogo akinipigia simu, moyo huruka kwanza, halafu hukasirika.

Kwa hiyo Jumatano moja mwishoni mwa Februari nilivuta kiti karibu na kitanda chake, nikamshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya bila sababu ya kazi, nikamwambia, "Mama, Babu si mzima. Nimekuwa nakudanganya."

Hakuutoa mkono. "Nani alimpa maji?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi kwenye basi. Yalipotea yote. "Nilimwonea huruma," nikasema. "Na wewe nilikuwa nimekukasirikia."

Akafumba macho. Akauliza kama nimekata. Nikasema nimekata. Mpaka nyeupe? Mpaka nyeupe. Nikamwonyesha kwa mkono kilichobaki. Akatazama ule urefu, kutoka kiwiko hadi vidole, miaka yote ile ya London. Kisha akageukia ukuta, akasema, "Nenda."

Kesho yake hakushuka kitandani. Siku ya pili pia, na chakula akakirudisha. Mwanawe alinipigia simu, na maneno aliyonitolea sitayaandika hapa, kwa sababu baadaye aliyaombea radhi. Nililia kwenye basi mbele za watu, na watu wa London walinifanyia adabu yao ya kusoma magazeti. Niliamini nimemwua mama wa watu kwa ukweli wangu, kama nilivyomwua mti wake kwa maji yangu, na nikajiambia kwamba wazee wa kwetu si wajinga waliposema mgonjwa haambiwi.

Siku ya nne nilikwenda nikijua huenda nikafukuzwa. Kitanda kilikuwa kitupu. Yule mama wa Kikongo akanielekeza kwa mopu yake upande wa korido, nami nikamwona huko mwisho, ameinamia fremu yake, anakuja polepole, na muuguzi nyuma yake. Aliponifikia hakunisalimia.

"Kama ni kukatwa, anataka mchanga mkavu na changarawe," akasema, anahema. "Wewe utaweka udongo wa bustani, utaua tena. Lazima niende mwenyewe."

Alirudi nyumbani katikati ya Machi. Alikuwa amepungua urefu, mgongo umepinda, na aliposimama kibandani mbele ya kile kipande kwenye ndoo nikaona wote wawili wamekuwa wafupi mwaka uleule mmoja. Alikaa kwenye kiti na mimi nikapiga magoti sakafuni, akaniamrisha asubuhi nzima. Changarawe zaidi. Si hapo. Shindilia. Usishindilie sana. Sikukasirika hata mara moja. Nilipomaliza nikamwuliza lile jambo lililonikaa kooni tangu mwanzo, kwa nini hakuwahi kunikaribisha hata maji. Akashangaa. Akanielekeza kwenye droo ya jikoni, nikatoa karatasi ya kampuni iliyonileta. Iliandikwa kwa herufi nzito kwamba wateja wasiwape wahudumu chakula, kinywaji wala zawadi. Aliogopa nitafukuzwa kazi. Wale wasichana wa Kiingereza, akasema, walikuwa wanajichukulia bila kuuliza, kwa hiyo hao si juu yake.

Nilikaa palepale sakafuni na karatasi mkononi. Nilijiona mdogo sana.

Babu alichukua muda. Aprili hakuna kitu, Mei hakuna kitu. Nilikuwa namchungulia kila siku na yeye ananikataza kumchungulia. Mwishoni mwa Juni akaniambia nivae glavu, nimshike shingoni, nimvute kidogo sana. Nikavuta. Hakuja. Kulikuwa na kitu chini kinamshikilia. "Ameshika," nikasema, na nilikuwa na furaha kuliko nilivyokuwa siku ile nje ya kibanda cha simu. Yeye akasema sasa mpe maji, kikombe kimoja, nusu. Nikampa nusu kikombe.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya ofisini Wembley, nikaacha kuhudumia wazee. Kenton niliendelea kwenda Jumapili, mchana, nikiwa mgeni. Sitasema alibadilika. Alininanga kwa sababu ya nywele zangu, kwa sababu sijaolewa, kisha nilipoolewa kwa sababu ya mume niliyemchagua. Chapati zangu alizitazama kwa huruma. Binti yangu alipozaliwa alimwimbia wimbo wa Kinyamwezi aliofundishwa na yaya wake mwenyewe, nami sikujua niweke wapi uso wangu, maana nilikuwa nikidhani upande ule wa Tabora haukumgusa kabisa. Babu naye aliongezeka upana wa kidole kila mwaka, hana haraka.

Miaka mitano au sita ilipita hivyo. Kisha majira fulani ya kuchipua mwanawe alinipigia simu ofisini. Walikuwa wamepata majibu ya vipimo. Ni saratani ya ini, na hapakuwa na la kufanya. Madaktari walitaka kumweleza mgonjwa mwenyewe, ila mwanawe aliwaomba wamwachie yeye, na familia yote kuanzia Ilford hadi Leicester walikuwa wamekubaliana kwamba mama ataambiwa ni gesi tumboni na uzee. Alikuwa ananiomba nami niwe pamoja nao. Nilimwambia sitaanza mimi kumpelekea mama yake neno hilo. Lakini akiniuliza, nikasema, sitaweza kumdanganya. Alisema anatumaini mama hataniuliza.

Jumapili nilimkuta amekaa sebuleni, miguu ndani ya blanketi, uso umekuwa wa manjano. Mwanawe alinisalimia, akanitazama mara moja, akaenda jikoni kuchemsha chai. Tuliongea habari za binti yangu, habari za mvua. Halafu akaniashiria nisogee karibu.

"Wote wanasema gesi," akasema kwa Kiswahili. "Wewe unasema nini?"

Nilisikia vikombe vikigongana jikoni. Nilitamani mtu mwingine, yeyote, awe amekaa kwenye kiti changu.

"Si gesi, Mama."

"Ni ile?"

"Ni ile."

"Mpaka lini?"

"Wanasema huenda sikukuu ya Diwali mwaka huu haitakukuta."

Akaitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayehakikisha jumla aliyokuwa ameshaijumlisha mwenyewe. Machozi yalimtoka, si mengi, nami nikamfuta kwa kitambaa changu, na yangu yakatoka. Akaukamata mkono wangu, akaubana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Kijana wangu usimwambie kama mimi najua," akasema. "Yeye hataweza."

Mlango ukafunguliwa, mwanawe akaingia na sinia. Akaliweka mezani, akainama mbele ya mama yake, akamwuliza kwa sauti ya kuchangamka anajisikiaje leo.

"Sijambo," mama yake akasema, anatabasamu. "Leo sijambo kabisa."

Mwanawe akanitazama mimi, kuona kama ni kweli. Nikamwambia mama anaendelea vizuri, nikainuka nikamimina chai.